Tela la kulala familia: namna ya kulijenga Tabora bila fedha nyingi wala uharibifu

Kabla hujamwita fundi, kaeni nyumbani mjibu swali moja: tela hili litatoka mara ngapi kwa mwaka? Kama safari ni ile moja ya Desemba, kwenda kwa bibi Kasulu na kurudi, msijenge kitu. Nunueni hema, au pandeni treni. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na behewa lililojaa hutumia mafuta kidogo kwa kila abiria kuliko gari mtakalowasha wenyewe. Tela linaloshinda uani mwaka mzima ni chuma kilichochimbwa, kikayeyushwa na kusafirishwa bure.

Lakini kama mnatoka kila likizo ya shule, mara Sitalike kutazama viboko, mara ufukweni Kigoma, na katikati ya mwaka mna msiba Nzega ambako nyumba ya wafiwa haina pa kulaza wageni, hapo tela linalipa. Linalipa zaidi likimilikiwa na familia mbili au tatu, ndugu au majirani, kwa makubaliano ya maandishi: nani analitunza, matairi yanalipwaje, Krismasi ni ya nani na Idi ni ya nani. Andikeni mapema. Undugu mwingi umeharibika kwa vitu vidogo kuliko tela.

Ninachoeleza hapa ni tela la watu watano, wazazi na watoto watatu, linalojengwa na mafundi wa kawaida kwa vifaa vya mjini Tabora. Hoja yangu yote naiweka kwenye kilo. Watu wakisikia habari ya kutunza mazingira wanawaza sola na rangi ya kijani. Sola ni nzuri, tutaifikia. Ila lita moja ya petroli ikiungua hutoa kama kilo 2.3 za hewa ya ukaa, ya dizeli kama kilo 2.7, na kila kilo unayopachika kwenye tela utaivuta kwa mafuta hayo mpaka siku litakapouzwa skrepa. Tela jepesi halimalizi breki, halili matairi, na linakula vifaa vichache wakati wa kulijenga. Kwa mtu mwenye fedha ya kubana, hiyo ni bahati: kinachopunguza moshi ndicho hichohicho kinachopunguza gharama.

Hatua ya 1: Anza na gari ulilonalo

Tafuta kwenye kitabu cha gari uzito linaoruhusiwa kuvuta. Mara nyingi ni namba mbili, moja ya tela lenye breki zake na nyingine ya tela lisilo na breki. Tela letu halina breki, kwa hiyo ya pili ndiyo yako. Ulaya wana kanuni rahisi kukumbuka: tela lisilo na breki lisizidi kilo 750 pamoja na mzigo wake, na pia lisizidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Ifuate hata kama hakuna atakayekusimamisha kukupima. Ukianza kushuka vilima kuelekea ziwani, breki za gari ndizo zitakazokupima.

Gari la kilo 1,400 basi liishie kwenye kilo 700. Sisi tunalenga 550, mzigo ukiwemo. Toyota IST na wadogo wenzake tuwaachie safari za mjini.

Kama hesabu inakataa, punguza tela, usikimbilie kubadilisha gari. Kununua gari kubwa la dizeli ili livute tela la kutunza mazingira ni kichekesho.

Hatua ya 2: Chora kwa kipimo cha plaiwudi

Shiti ya plaiwudi ni sentimita 122 kwa 244. Mabati nyoofu nayo huuzwa kwa kipimo hicho. Chora tela lako lifuate shiti, na si shiti ifuate tela, utaona takataka za karakana zinavyopungua. Sakafu iwe urefu 244 na upana 183, yaani shiti moja na nusu, na nusu inayobaki inatoa milango ya makabati. Kuta ziwe na kimo cha 122, shiti ikiwa imelazwa.

Sasa chukua chaki, chora mstatili huo uani, mlale humo. Lazima mlale, kwenye karatasi kila kitu kinaenea. Watu wanalala kwa upana, na ukitoa unene wa kuta mtu anabaki na kama sentimita 175. Baba mwenye futi sita atakunja magoti, au muongeze upana na mkubali kukata shiti ya pili. Kwa urefu, sentimita 184 ni za kulala wazazi na mtoto mdogo, na 60 za nyuma ni za jiko linalofunguliwa kutokea nje. Watoto wakubwa wawili wanalala kwenye hema la ubavuni: turubai linalofungwa kwenye ukuta wa tela na kufunika mita mbili kwa mbili, juu ya vitanda vya kukunja. Msiwaonee huruma. Watagombania huko huko.

Paa lifungwe kwa bawaba upande wa mbele, na upande wa nyuma liinuke sentimita 60 hadi 70, pembeni likizungukwa na turubai lenye wavu wa mbu. Bawaba ziwe mbele kwa sababu moja tu: komeo likifunguka njiani, upepo ulibane paa chini badala ya kuling'oa. Paa likiwa limefungwa, tela ni fupi na linajificha nyuma ya gari. Hilo lina maana kubwa kwenye nyanda hizi tambarare, ambako adui wa mafuta mara nyingi si mlima bali upepo. Ukipandisha mwendo kutoka kilomita 80 kwa saa hadi 100, nguvu ya upepo inayokurudisha nyuma inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Nendeni 70 au 80. Kigoma haihami.

Hatua ya 3: Chasisi, ekseli na matairi

Hapa usibane fedha. Ukigawa bajeti, karibu nusu iishie hapa, na kama fedha haijatimia, jenga chasisi kwanza, iweke sakafu, itumie kubebea mpunga na karanga kutoka shamba wakati unatafuta za mwili. Tela la namna hii linaweza kujilipia sehemu ya gharama kabla halijawahi kulaza mtu.

Fundi wa kumtafuta ni yule anayetengeneza mikokoteni ya punda kwa ekseli za magari. Huyo anajua kunyoosha ekseli na kuchagua beringi kuliko fundi wa mageti mwenye karakana nzuri zaidi. Mwambie unataka ekseli ya nyuma ya gari dogo lililokuwa likiendeshwa na matairi ya mbele. Haina difu, ni nyepesi, inakuja na habu zake, na ni chuma kilichokwisha kuyeyushwa zamani, hakihitaji tanuri jipya. Chagua iliyonyooka, inayokaa moja kwa moja juu ya springi za mabapa. Ikague juani kwa kamba iliyokazwa. Iliyopinda iache hata kama ni ya bure. Beringi nunua mpya, za namba inayopatikana kwenye maduka ya Urambo na Uvinza pia, kwa sababu huko ndiko zitakakokufa.

Springi za pikapu ni ngumu mno kwa kilo 550. Tela litaruka kwenye kila tuta na kila rasta, na sahani zenu zitafika Kaliua zikiwa vigae. Punguza mabapa mawili au matatu, mpakie mzigo wa majaribio, utazame springi zinavyokaa.

Rimu ziwe za matundu sawa na za gari lako, na matairi ya kipimo kimoja. Tairi moja la akiba linahudumia gari na tela. Umeokoa tairi zima na uzito wake.

Chasisi yenyewe iwe ya bomba la mraba, skwea paipu kama wanavyosema karakana, la milimita 60 kwa 40 lenye unene wa 3. Mita moja ina kama kilo 4.3. Ukijumlisha mihimili miwili, ngazi tano za katikati na mkono wa kuvutia wenye umbo la herufi A, unapata mita 16 hivi, kilo 70. Na hapa ndipo mabishano huanza.

"Mzee, tuweke ya milimita tano. Hii itapinda."

Usimbeze fundi, anakutakia mema. Ila unene huo unaongeza karibu kilo 40 kwenye chasisi, sawa na kumbeba mtoto wa darasa la sita asiyeshuka kamwe. Chasisi za matela madogo huvunjika zaidi kwenye maungio kuliko katikati ya bomba. Elekeza umakini wa fundi huko. Achomelee kwenye mbavu za mhimili, kwa urefu wake, asikate mstari wa moto kuvuka mgongo wa juu au tumbo la chini, maana hapo ndipo chuma kinaponyumbuliwa zaidi. Panaposhikia springi aweke bapa la kuimarisha lenye ncha, si la mraba. Ile herufi A isiishie kwenye ukingo wa mbele. Ipite chini ya sakafu mpaka ngazi ya pili.

Ndoano ya mpira wa milimita 50 ndiyo ya kawaida, lakini pima mpira wa gari lako kabla ya kununua. Weka minyororo miwili ya usalama, ipishane kama msalaba chini ya ndoano, ili mkono ukichomoka udakwe usichome lami.

Linabaki jambo ambalo wengi hulipuuza na ndilo huangusha matela: uzito wa pua. Tela lililopakiwa linapaswa kuegemeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake kwenye ndoano. Kwa kilo 550 ni kati ya 55 na 80. Pua ikiwa nyepesi, mkia unaanza kuyumba, na dereva akishituka akakanyaga breki, mambo huharibika haraka. Kwa hiyo fundi asichomelee vishikio vya springi moja kwa moja. Avishikize kwa nukta, ekseli ikiwa kama sentimita 20 nyuma ya katikati ya sanduku. Mwili ukiisha, jaza maji, weka gesi, magodoro, sufuria, kila kitu. Livute tela hadi kwa mnunuzi wa mazao, egemeza pua juu ya mizani yake, liwe limekaa sawa na ardhi. Pua nyepesi? Ekseli irudi nyuma. Nzito mno? Ije mbele. Ukiridhika ndipo moto wa mwisho upite.

Rangi ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya rangi nyingine, ncha za mabomba zizibwe, na matundu madogo ya kutolea maji yaachwe upande wa chini.

Hatua ya 4: Kuta, joto, vumbi na mbung'o

Najua tuko Tabora, na najua mtu atakuja na mbao za mninga alizopewa na shemeji. Zipokee kwa shukrani utengeneze meza ya sebuleni. Mninga una zaidi ya kilo 600 kwa mita ya ujazo. Paini ya Sao Hill ina karibu 450 na hupandwa ikavunwa, wakati mninga wa miombo unahitaji miongo mingi kufikia unene wa kupasuliwa. Mbao yoyote unayonunua iwe na kibali cha TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Mbao ya magendo ikikamatwa, bei yake rahisi inageuka ghali kuliko zote.

Mifupa ya kuta iwe bomba jembamba la milimita 25 kwa 25, nje upige bati nyoofu la geji 28. Utashauriwa alumini. Ni nzuri, haishiki kutu, lakini ya milimita moja ina kilo 2.7 kwa mita ya mraba na bati hilo lina kama 3, tofauti isiyostahili bei yake. Tena alumini ikigusana na chuma kwenye unyevu, huliwa taratibu. Bati likibonyea Malagarasi, fundi bati wa Malagarasi atalinyoosha.

Katikati ya bati na ukuta wa ndani jaza zile sponji ngumu nyeupe zinazokuja na friji na televisheni. Maduka ya vifaa vya umeme huzitupa au huzichoma nyuma ya duka, na mvua ya kwanza huzipeleka mtaroni. Omba, kusanya kidogo kidogo, kata vipande vya sentimita mbili na nusu, bananisha. Ni hewa tupu, hazina uzito, na joto linapita humo kwa taabu. Zinashika moto kirahisi, kwa hiyo zifunikwe kabisa: plaiwudi nyembamba ndani, na upande wa jiko usiziweke kabisa, acha bati na nafasi ya hewa.

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai unahitaji blanketi, Septemba na Oktoba bati linaunguza mkono. Paa lipakwe rangi nyeupe. Mkiegesha, tandazeni turubai juu ya paa, likae sentimita 15 au zaidi juu yake, hewa ipite katikati. Kivuli hicho kinafanya kazi kuliko feni mbili. Dirisha moja liwe chini upande wa kivuli, na tundu la kutokea liwe juu kwenye turubai la paa; hewa ya moto hupanda yenyewe ikitafuta pa kutokea.

Turubai lisiwe la bluu. Nasema hivi kwa sababu ya bluu ndiyo imejaa madukani na ndiyo rahisi. Mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo, huvutwa na rangi ya bluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo. Ukielekea Mpanda kupitia Sikonge, au ukizunguka pande za Ugalla na Katavi, tela la bluu ni mwaliko. Chagua nyeupe, maziwa au kaki. Na kwa kuwa mbung'o hufuata kinachotembea, fungeni vioo vya gari, na mkisimama subirini kidogo kabla ya kufungua tela.

Vumbi linaingia kwa kunyonywa. Tela likikimbia, hewa ya ndani hutoka kwa nyuma na vumbi hufuata pengo. Dawa ni kitundu cha mbele juu, mahali hewa safi inapogonga, chenye kichujio cha sponji unayoweza kufua. Hewa ikisukumwa ndani kwa pale, huzuia vumbi kwenye nyufa nyingine. Milango ipigwe mpira wa kuziba kama ule wa milango ya magari, hata wa mtumba.

Hatua ya 5: Umeme

Usianze na paneli, anza na orodha. Taa nne za LED za wati 5, saa nne: wati-saa 80. Simu nne: 60. Feni mbili ndogo za volti 12, wati 15 kila moja, saa nane za usiku: 240. Jumla 380, sema 400. Paneli ya wati 150, kwa saa tano za jua zuri, ukikata asilimia 30 kwa ajili ya joto, vumbi na hasara ya waya, inatoa kama 525. Inatosha na chenji inabaki.

Friji ya volti 12 ya lita 40 peke yake inaweza kula wati-saa 400 kwa siku ya joto. Inarudufisha paneli, inarudufisha betri, inaongeza kilo 20. Mimi singeiweka. Samaki wa Kigoma ananunuliwa asubuhi analiwa mchana, dagaa wakavu hawajui friji ni nini, na maziwa yapo kila kituo. Kwa nyanya na siagi, kasha jepesi la mbao lililozungushiwa gunia linaloloweshwa hupoza vizuri wakati wa kiangazi kikavu, kwa mvuke tu. Masika halifai kitu, hewa imeshiba maji.

Kwenye betri, ghali kidogo ni rahisi baadaye. Betri ya asidi ya Ah 100 (ampea-saa 100, yaani wati-saa 1,200 kwa volti 12) haipendi kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo unapata wati-saa 600, na ina karibu kilo 30. Ya lithiamu fosfeti ya Ah 100 inakupa karibu 1,000 ikiwa na kilo 12 hivi, na hudumu miaka mingi zaidi. Ukiweza kukopa kitu kimoja katika tela zima, kopa hicho. Betri ya asidi ikifa irudishwe dukani, ina risasi, isiachwe uani watoto wakachezea.

Paneli usiifunge moja kwa moja juu ya paa. Mchana mtataka kukaa chini ya mwembe, na Tabora na Ujiji miembe haikosekani. Paneli iliyo kivulini ni kioo tu. Ifunge kwa nati za masikio, mkifika ishuke, iwekwe juani mita tano kutoka kwa tela, iinuliwe ili hewa ipite nyuma yake, maana paneli ikichemka hupoteza kama asilimia 0.4 ya nguvu kwa kila nyuzi moja zaidi ya 25. Waya uwe wa milimita 6 za mraba. Wa 2.5 ni bei rahisi lakini kwa volti 12 unamwaga umeme njiani. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kabla ya kitu kingine chochote.

Hatua ya 6: Jiko

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya tela, hata asubuhi ya baridi, hata mlango ukiwa wazi, hata kwa dakika za kuota. Moshi wake usioonekana unaua watu waliolala. Kuni na mkaa vyenyewe vinatoka kwenye miombo ambayo tayari inabeba mzigo wa kukaushia tumbaku.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 unawatosha watano kwa safari ndefu. Ukae kwenye sanduku lake la nje, mbele, lenye matundu upande wa chini, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa sakafuni. Mpira na regileta vikaguliwe kwa povu la sabuni kila mnapofunga upya.

Halafu tengeneza kikapu cha joto. Kapu kubwa la ukindu, ndani limejazwa mito ya sufi au mabaki ya nguo, linalokumbatia sufuria. Maharage yaliyolowekwa usiku, yachemke kwa nguvu dakika 20, yaingie kapuni yakiwa yanatokota, yafunikwe. Mkishuka jioni yamelainika, mnayapasha moto na kuunga tu. Yameiva njiani, bila gesi, na bila mtu kusimama jikoni.

Hatua ya 7: Maji na choo

Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo msisafirishe ziwa kwenda ziwani. Madumu matatu ya lita 20 yaliyofungwa mbele kidogo ya ekseli yanatosha, na bomba la kukanyaga kwa mguu hupunguza matumizi kuliko koki. Maji ya vyombo yachujwe mabaki, yamwagwe kwenye udongo mbali na mto.

Mbali, kweli. Njia ya Tabora kwenda Kigoma inavuka bonde la Malagarasi, na Malagarasi–Muyovozi ndilo eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhioevu, mwaka 2000. Ziwa Tanganyika nalo lina kina cha mita 1,470 na maji yake hubadilika polepole mno. Kilichoingia kinakaa vizazi. Samaki wake wengi hawapatikani kwingine duniani. Usioshe gari wala tela ufukweni, hata kama umewakuta wenzako wakiosha.

Choo ni ndoo mbili. Moja ya haja ndogo, nyingine ya haja kubwa yenye kiti cha mbao na mfuko wa maranda pembeni. Kopo la maranda kila baada ya matumizi, harufu inaisha, kwa sababu harufu hutokana hasa na haja hizo mbili kuchanganyika. Haja ndogo ichanganywe na maji mara kumi, imwagwe kwenye miti. Kubwa ipelekwe kwenye choo cha shimo mnapofikia, au irudi nyumbani ikaoze kwenye shimo lililofunikwa mwaka mzima, iwekwe kwenye migomba na miti ya matunda, siyo kwenye mchicha. Maranda ni ya bure kwa kila seremala. Mkizungukia hicho choo turubai, hata mama mkwe atakitumia.

Hatua ya 8: Karatasi, na safari ya kwanza

Tela linasajiliwa TRA na kupewa namba yake, linakatiwa bima, na taa zake za nyuma, za breki na za kuashiria lazima ziwake sawa na za gari. Viakisi mwanga vyeupe mbele, vyekundu nyuma. Mwombe askari wa usalama barabarani alikague kabla hujasafiri. Ni bora akutoe kasoro kituoni kuliko usiku Kaliua. Hakuna mtu anayepanda ndani ya tela likitembea. Wala mtoto aliyelala.

Safari ya kwanza iwe fupi, bwawa la Igombe na kurudi, si Kigoma moja kwa moja. Baada ya kilomita 20 simama, weka kiganja kwenye kila habu. Uvuguvugu ni sawa. Ikikuunguza, beringi imekazwa mno au grisi ni haba. Kaza nati za matairi upya, na tena baada ya kilomita 50, kwa kuwa rangi mpya hubonyea na nati hulegea. Rudi nyuma mara kadhaa kwenye uwanja mtupu, ukishika usukani kwa chini: mkono ukienda kulia, mkia wa tela unaenda kulia.

Mkienda Gombe, tela linaishia Kigoma mjini. Hifadhi hiyo haina barabara, mnapanda boti.

Na msimu ukiisha, kabla ya mvua za Novemba, toa magodoro, fua turubai likauke kabisa ndipo ulikunje, ondoa betri (ya lithiamu iwe na chaji ya nusu hivi, ya asidi iwe imejaa), nyanyua tela juu ya magogo ili matairi yasikae sehemu moja, na ziba kila tundu la bomba kwa kitambaa. Nyigu hujenga mahali popote pakavu, na bomba la gesi wanalipenda kuliko yote.